Kwa wasoma hati wa Lamu: kazi yao nilivyoiona

Huduma ninayoieleza hapa haina kibao mlangoni. Ni chumba kimoja cha ghorofani katika mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, ambamo maalim mmoja aliyestaafu kufundisha madrasa husoma barua, hati na madaftari ya kale yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mpwa wake, binti aliyesomea kompyuta, hupiga picha kila ukurasa, huchapa usomaji wa mjomba wake kwa herufi za Kirumi na kuupanga kwa tarehe. Nimeshughulika nao kwa miezi mitano juu ya karatasi za baba wa babu yangu, ambaye nyumbani tunamwita Babu Mkuu, na kwa kuwa jamaa wengi wameniuliza kama fedha zangu zilikwenda mahali pema, naona ni haki nieleze yaliyonipendeza na yaliyonikera.

Karatasi zenyewe zilikuwa thelathini na moja, pamoja na daftari dogo lenye jalada la ngozi. Shangazi yangu alizirithi ndani ya kasha, na kabla ya hapo zilikaa katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vya nyumba ya zamani, ambako mchwa walikula pembe za baadhi yake. Lakini hasara kubwa kuliko ya mchwa tuliifanya wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mmoja wetu aliichukua barua iliyokuwa nzuri kuliko zote akaipeleka kwenye duka la picha, nalo likaipitisha katika mashine ya moto na kuifunga ndani ya plastiki, sote tukiamini kuwa tunaihifadhi. Maalim alipopewa barua hiyo aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akairudisha mezani polepole bila kusema neno. Joto lilikuwa limeueneza wino hadi ukawa na rangi ya chai. Katika mistari kumi na minne aliweza kusoma sita. Msomaji mwingine aliye na barua kama hiyo asijaribu kuibandua nyumbani, maana karatasi itatoka pamoja na plastiki.

Jambo la kwanza la kuwasifu ni kwamba maalim hakubali kusoma peke yake. Sharti lake ni mzee mmoja wa ukoo aketi naye, kwa sababu herufi za Kiarabu hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili na waandishi wa zamani walizitumia kwa kuaminiana na msomaji. Herufi moja ya *be* husimama mahali pa b, pa p na pa mb. *Fe* hubeba f na v. *Ghaini* hubeba g, gh na ng. Nayo alama ya chini ya herufi huweza kuwa i au e, ile ya juu iliyopinda ikawa u au o. Asiyejua mambo ya nyumba iliyoandika barua anaweza kutamka kila herufi vizuri na asipate maana.

Nitatoa mfano mmoja, ambao sasa ni kichekesho cha ukoo. Ipo barua aliyoandikiwa Babu Mkuu na ndugu yake aliyekuwa akiangalia shamba la Malindi, nayo tangu utotoni tulisomewa hivi: "Nimekuletea bata mia mbili kwa jahazi." Kwa ajili ya mstari huo tulikua tukijua kwamba Babu Mkuu alikuwa mfuga bata, na ami yangu aliwahi kutuonyesha mahali ambapo eti palikuwa na banda lao. Maalim aliusoma mstari, akauliza kwa upole, "Mwanangu, bata mia mbili ndani ya jahazi, nani aliwapa maji?" Kisha akaweka kidole kwenye neno lililofuata, *zimekauka*. Bata hawakauki, na lau wangekauka mwandishi angeandika *wamekauka*. Neno lilikuwa *mbata*, yaani nazi zilizokauka ndani ya vifuu vyake, bidhaa ambayo mtu mwenye minazi Malindi angeipeleka Lamu bila mtu yeyote kushangaa. Ngeli ya kitenzi ndiyo iliyowafukuza bata nyumbani kwetu.

Daftari ndilo lililotupa mtu mwenyewe. Ami alitarajia nahodha, maana ndivyo alivyosimuliwa, na sina hakika kuwa amemsamehe maalim hadi leo. Kurasa ishirini na sita zote ni hesabu za miti: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila moja ikiwa na idadi ya korija, na korija ni ishirini. "Mazio korija 12" ni miti mia mbili na arubaini, na pembeni kuna jina la mwenye chombo na mahali kilikotoka. Maingizo yanasongamana katika miezi ya kaskazi, vyombo vya Arabuni na Ghuba vilipokuwa vikifika, yanazidi kuelekea majira ya kuondoka kwao, kisha kusi linapokaza kurasa zinakaa karibu tupu. Babu Mkuu alikuwa mhesabu miti ya mikoko bandarini. Biashara hiyo ndiyo iliyolisha nusu ya mji huu mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na mimi binafsi naona kazi ya mhesabu, ambaye mwuzaji na mnunuzi wote wawili walilazimika kumwamini, haina upungufu wowote mbele ya unahodha. Ami hataki kusikia hayo.

Upande wa tarehe, kazi yao ni ya uangalifu zaidi ya nilivyotarajia. Karatasi nyingi zimetajwa kwa miezi ya Kiswahili, ambayo huhesabiwa baada ya kufungua Ramadhani: mfunguo mosi ni Shawwali, mfunguo nne ni Muharamu, mfunguo sita ni mwezi wa Maulidi. Mwaka ni wa Hijria, na mara nyingine haukuandikwa kamwe, kwa sababu mwandishi hakuona haja ya kumwambia ndugu yake ni mwaka gani. Maalim hajazi pengo. Pale ambapo mwaka haupo, usomaji uliochapwa una neno "bila mwaka", na nilipombana akisie alikataa. Mpwa wake ndiye hubadilisha tarehe kwenda kalenda ya Kizungu kwa programu ya simu, na hapo nashauri tahadhari, kwani mwezi ulioandama kwa macho hapa Lamu unaweza kupishana siku moja au mbili na ule wa programu. Walikubali kuandika "yapata" mbele ya kila tarehe baada ya mimi kuomba.

Uangalifu huo wa tarehe ndio uliofunua jambo zito kuliko yote. Katika ukoo wetu inajulikana kwamba Babu Mkuu alikopa, kwamba mdai aliliongeza deni mara mbili kwa hila, na kwamba ndiyo sababu shamba likauzwa. Kwa kisa hicho kuna nyumba moja hapa mjini ambayo watu wetu hawajaposa kwao wala kupokea posa yao. Hati mbili za deni hilo zimo katika kasha. Ya kwanza ni ya mfunguo nane 1337, yapata Februari 1919, nayo inasema rupia 60. Ya pili ni ya mfunguo sita 1341, yapata mwisho wa Oktoba au Novemba 1922, nayo inasema shilingi 120, bila malipo yoyote kutajwa katikati. Ukizitazama nambari tu, hila iko wazi. Maalim aliziweka hati ubavu kwa ubavu, akatuomba tusome jina la fedha kabla ya kusoma nambari. Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikawekwa florini kwa thamani ya moja kwa moja, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa kila florini. Rupia 60 na shilingi 120 ni deni lile lile, halikuongezwa hata senti.

Shangazi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi tumewasema bure," akaomba kahawa.

Naongeza kwa haki ya Babu Mkuu kwamba malalamiko yake huenda hayakuwa ya kubuni kabisa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia rupia ilikuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Uingereza, na serikali ya kikoloni ilipokuja kuibana kwenye shilingi mbili ilipandisha mzigo wa kila mwenye kudaiwa kwa kipimo cha fedha za Uingereza. Kwa kipimo cha zamani rupia 60 zingekuwa shilingi 80. Walowezi wa bara walipiga kelele juu ya jambo hilo hilo. Mdai wetu aliandika kile kilichoamriwa, na mtu aliyeishi kwa kuhesabu korija lazima alihisi kwamba kuna mahali amepunjwa ingawa hakuweza kupaonyesha. Maelezo haya ya thamani niliyatafuta mwenyewe, kwani maalim husema kilichomo katika karatasi na kuishia hapo.

Karatasi za serikali ni chache, na kwa hizo huduma yao ni ya kawaida tu. Iliyo muhimu inahusu shamba la Malindi, nayo inatokana na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa pwani wajitokeze kudai mashamba yao mbele ya ofisi na yasiyodaiwa yachukuliwe kuwa ya serikali. Imeandikwa kwa Kiingereza, na mahali pa sahihi pana alama ya dole gumba. Mtu huyu, ambaye mwandiko wake katika daftari ni safi kiasi kwamba maalim alimwita mpwa wake aje autazame, alihesabiwa ofisini kuwa hajui kuandika. Jina lake pia limevurugwa, jambo ambalo kila mwenye kutafuta wazee wake katika makaratasi ya kikoloni atalikuta: majina kama Athmani yaliandikwa Othman, Usman au Athumani kwa kadiri ya sikio la karani, kwa hiyo atafutaye tahajia moja tu atadhani mtu hakuwepo. Mpwa wa maalim alitupa orodha ya tahajia za kutafuta, bila malipo. Nilikwenda nayo kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi, nikapitia ripoti za mwaka za wilaya ya Lamu. Maalim alikuwa amenionya kwamba ripoti hizo huwataja kwa majina maliwali na mamudiri, yaani maofisa wa utawala wa pwani, na makadhi, na watu wengine huwataja kwa makabila na kwa jumla. Ndivyo ilivyokuwa, wala Babu Mkuu sikumkuta.

Sasa yaliyonikera. La kwanza ni muda: niliahidiwa wiki sita, nikapata kazi yangu katika mwezi wa tano tangu tuanze, na kila nikipiga simu nilijibiwa kwa adabu kubwa na habari ndogo. La pili ni picha, ambazo nilipewa katika diski mweko zikiwa na majina ya nambari za kamera, hivi kwamba nilitumia siku mbili kulinganisha picha na kurasa zilizochapwa. Kwa malipo ya shilingi 300 kwa kila ukurasa, jumla shilingi 19,200 kwa kurasa 64, kazi hiyo ya kulinganisha haikustahili kuwa yangu.

La tatu ni kubwa zaidi. Barua za Malindi zimeandikwa kwa Kiamu, kwa kuwa waandishi walikuwa watu wa Lamu, nami niliposikia maalim akisoma *ndia*, *moya* na *nimekuya* nilikuwa kama ninayesikia sauti ya bibi yangu. Katika nakala iliyochapwa nilikuta *njia*, *moja* na *nimekuja*. Binti alikuwa "amesahihisha", pengine kwa nia njema na kwa mazoea ya shule, lakini barua ya zamani haisahihishwi. Nilirudisha kurasa zote za Malindi. Maalim alimtazama mpwa wake, akasema, "Andika kama alivyosema mwenyewe," na kazi ikarudiwa bila kudaiwa zaidi. Atakayekwenda baada yangu aseme tangu siku ya kwanza kwamba anataka lafudhi ya karatasi ibaki ilivyo.

Kuhusu nasaba, anayetafuta shajara, yaani mti wa ukoo, ya kumfikisha Hadhramaut huko Yemen au kwa Mtume asiende huko. Ami alijaribu, tena akiwa na bahasha mkononi, akaambiwa kwamba karatasi zake zinaanza kwa baba wa Babu Mkuu na kuishia kwa watoto wake sita, basi. Nawajua wengine mjini ambao kwa bahasha hiyo wangemfikisha popote alipotaka, na kwa sababu hiyo pekee ningewapa hawa kazi yangu tena, pamoja na kuchelewa kwao.

Mambo madogo ya kujua: karatasi zipelekwe zimefungwa kwa kitambaa cha pamba. Hazilazwi kwao usiku. Unakwenda nazo na kurudi nazo, jambo ambalo shangazi alilipenda kuliko mengine yote. Ijumaa hawafungui mpaka alasiri, na ngazi ya kupandia ni ya kale na mwinuko wake ni mkali, kwa hiyo mzee asiyeweza kupanda atasomewa chini, uani. Sisi tumebakiwa na karatasi tatu ambazo maalim ametaka azitazame tena kwa mwanga bora, nasi tumeahidiwa baada ya Maulidi.