Skwiza ya shaba ya Ettore kwa anayeanza kazi ya kufuta vioo

Naanza na jibu, maana wengi mnasoma mkiwa kwenye daladala. Kama unataka kufuta vioo kwa malipo na una hela ya kitu kimoja tu cha maana, tafuta skwiza, yaani kifaa chenye ukanda wa mpira wa kuvuta maji kwenye kioo, ile ya shaba ya Ettore ya sentimita 35, pamoja na mipira ya akiba. Ukiikosa, ya chuma ya kampuni nyingine, Unger, inafaa. Ukikosa zote mbili, nunua yoyote inayokubali kubadilishwa mpira, na hela iliyobaki yote iende kwenye mpira. Mpini haufuti kioo.

Nayasema haya kama mama niliyeanzia usafi wa hoteli na sasa nina vijana wangu wanaofuta vioo vya maduka, zahanati na nyumba za watu, hapa Dar, kuanzia Sinza hadi Msasani. Kila kijana mpya anakuja na swali lilelile: "Mama, ninunue seti ipi?" Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Kifaa chenyewe hakina mbwembwe. Kuna mpini, kuna reli ya shaba, kuna mpira mmoja mwembamba ndani ya reli, na vibanio viwili vidogo vya kuuzuia usiteleze. Aliyeibuni ni Muitaliano aliyehamia Oakland, California, Ettore Steccone, na hati miliki aliipata mwaka 1936. Kabla yake wafuta vioo wa Marekani walikuwa wanabeba dude la chuma zito, lenye mipira miwili na utitiri wa skrubu. Kubadilisha mpira tu ilikuwa shughuli. Yeye akaleta shaba nyepesi na mpira mmoja wenye ukingo mkali. Umbo hilo ndilo mpaka leo, na ukikishika utaelewa kwa nini hawajahangaika kulibadilisha. Ukivuta kioo kilicholowa vizuri, unausikia mpira umekamata kioo chote kwa uzito uleule, kutoka pembe hadi pembe. Zile za plastiki zinajikunja katikati: pembeni panakauka, katikati panabaki mchirizi, na wewe unakandamiza zaidi, ndipo mambo yanaharibika kabisa.

Kasoro zipo. Shaba ni nzito kuliko alumini, na kijana asiyezoea atalalamika kifundo cha mkono kufika mchana. Mpini ukiingia sabuni unateleza. Huku ufukweni shaba inafanya ukijani usipoifuta kabla ya kuiweka. Na vile vibanio viwili, ee Mungu wangu! Kijana wangu mmoja alibadilisha mpira amesimama kwenye majani ya mteja, kibanio kikaruka, tukapiga magoti wote kama tunatafuta hereni. Badilisha mpira juu ya ndoo au juu ya taulo, basi. Unger hawana tatizo hilo sana, na mipini yao mingine ina raba inayoshikika vizuri mkono ukiwa umelowa. Mwenye mikono midogo kama yangu aipende tu Unger, simlaumu.

Sasa mpira, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa hela zao. Mpira mpya una ukingo wa pembe kali. Upitishe taratibu kwenye ukucha wa kidole gumba: mzuri unakwaruza kidogo na kukwama, uliochoka unateleza tu. Ukiutazama ukingo kwenye mwanga wa dirisha, uliochoka unang'aa na umeviringika. Una kingo mbili, kwa hiyo upande mmoja ukichoka unaugeuza kabla ya kuutupa. Ukiona kamstari kembamba ka maji kanakufuata mahali palepale kila unapovuta, usiongeze sabuni wala usilaumu maji. Mpira umepata jeraha kwenye nukta hiyo, mara nyingi kwa sababu ya chembe ya mchanga au kona ya fremu ya alumini.

Mpira utokeze kama milimita 3 nje ya reli kila upande. Ukiwa mfupi, shaba itakwaruza fremu na ukingoni patabaki maji. Ukiwa mrefu mno unapepea. Wanaoijua kazi hii hutofautisha mpira laini wa nchi za baridi na mgumu wa wakati wa joto, na kwa jua la Dar mimi nachukua mgumu. Usiuache juani wala usiulaze kwenye ndoo huku umebeba uzito wa mpini. Utajikunja na hautanyooka tena.

Na muwe macho na feki. Duka moja, silitaji, liliniuzia mipira kwenye boksi lililofanana na la kiwandani hadi rangi ya maandishi. Nilipofika nyumbani nikaukandamiza mmoja mkavu kwenye kioo cha dirisha na kuchungulia upande wa pili: mwanga ulikuwa unapita kwenye vipengo vitatu vinne, ukingo umekatwa kama kwa meno. Siku hizi nafanya kipimo hicho palepale kwenye kioo cha kaunta ya muuzaji. Wengine wananuna. Anayejua bidhaa yake ni nzuri hanuni.

Namna ya kuitumia nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa mkono unafunzwa na kioo chenyewe. Lowesha kioo chote kwa kitambaa cha kuoshea, usikwepe kona. Kisha kausha ukanda mwembamba wa juu, upana wa vidole viwili, kwa taulo au kwa ncha ya skwiza. Ukanda huo ndio unaozuia maji kushuka juu ya sehemu uliyokwisha kuifuta. Vuta kutoka juu kwenda chini, skwiza ikiwa imeinama kidogo ili maji yaelekee upande ambao bado umelowa. Kila mvuto uulalie uliotangulia kama sentimita 5, na kila ukimaliza mvuto mmoja futa mpira kwa kitambaa kikavu. Ule mtindo wa kuzungusha mkono kama nyoka mnaouona kwenye video ni mzuri na una kasi, lakini jifunze kwanza kuvuta moja kwa moja. Mteja analipia kioo kisicho na michirizi, halipii dansi.

Sabuni ya vyombo inatosha kabisa. Kwenye ndoo ya lita 10 weka kidogo tu, kiasi cha maji kuteleza ukisugua vidole. Povu likipanda kama la kufulia umezidisha, na kioo kitabaki na utando utakaouona jua likipiga kwa ubavu. Hizo chupa za bluu za kupulizia waachieni wafuta meza.

Maji ndiyo mtihani wa Dar. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na tone likikaukia kwenye kioo linaacha duara jeupe. Skwiza inasaidia kwa kuwa inaondoa maji yote kabla hayajakauka. Tatizo linabaki kwenye kingo, kwa hiyo pitisha taulo la mikrofaiba pembezoni mara moja. Vijana wangu wanabeba maji yao kwenye dumu kwenda nyumba zenye kisima kibaya. Madoa machanga ya chumvi yanatoka kwa siki, ila siki isidondokee kwenye kizingiti cha marumaru, itakila na utalipa. Madoa ya miaka, pale kinyunyizio cha bustani kinapolipiga dirisha kila jioni, mara nyingi yameshakila kioo chenyewe. Mwambie mteja kabla hujaanza. Ukimwambia baadaye atadhani unajitetea.

Msivute vioo vya moto. Asubuhi anza upande wa magharibi wa nyumba, mchana hamia mashariki, ukilikimbia jua. Kioo kikiwa na joto maji yanakauka kabla mkono haujafika chini, na hapo hata shaba ya Steccone haikusaidii.

Seti za wenzetu zimetengenezwa kwa madirisha ambayo sisi hatuna, na hili hakuna anayewaambia. Nyumba zetu zina nondo, zina nyavu za mbu, na za zamani zina luva. Kwenye luva, vile vibapa vya kioo vilivyopangana, usitumie skwiza kabisa. Ni kitambaa kilicholowa na kikavu, bapa kwa bapa, na bei yake itozwe kwa bapa kwa sababu zinakula muda. Kwenye nondo sentimita 35 haipiti. Fundi wa chuma atakukatia reli kwa msumeno iingie kati ya nondo, kisha apige tupa ncha zake zisikwaruze. Shaba inakatika kirahisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda. Muwe na reli mbili, fupi na ndefu, mpini mmoja.

Nyavu zishushwe kwanza, zioshwe, zikauke wakati unafuta vioo. Ukiosha kioo na kurudisha wavu wenye vumbi, mvua ya kwanza yenye upepo itamwaga tope kwenye kazi yako. Na vile vijia vya chini vya madirisha ya kuslaidi vipigwe brashi kavu kabla ya maji yoyote. Vumbi la Dar likilowa mle ndani linakuwa udongo wa kufinyanga.

Seti nyingi zinauzwa pamoja na kikwangulio cha wembe. Wewe unayeanza, kiache kwenye boksi kwanza. Kinakwangua rangi na silikoni vizuri, lakini kina masharti: kioo kilowe, wembe uwe mpya usio na kutu, na usukume kwenda mbele tu, usiurudishe nyuma ukiwa umegusa kioo, kwa sababu unaburuta uchafu chini yake. Kwenye vile vioo vigumu ambavyo mafundi wanaviita tempa, upande mmoja huweza kuwa na vichembe vilivyoganda kiwandani. Wembe ukiving'oa vinachora kioo chote. Kioo chenye tinti ya kubandika usikiguse kwa wembe kabisa. Kazi za nyumba iliyomalizika kujengwa juzi, yenye saruji na rangi kwenye vioo, zinavutia kwa hela, na ndizo zinazofilisi wanaoanza. Ukizikubali, piga picha mikwaruzo iliyopo kabla ya kugusa kitu, mteja azione na akubali kwa maandishi, hata kwa WhatsApp.

Ngazi: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike. Ghorofa ndefu za Posta, katikati ya jiji, ni za watu wa kamba na mafunzo. Ukiitiwa bei nono ya ghorofa ya tano na huna mkanda, kataa na urudi kwenye frem za maduka.

Hizo frem za maduka ndizo shule yangu ninayopendekeza. Vioo ni vikubwa, viko chini, havina nondo wakati duka limefunguliwa, na vumbi linarudi kila siku kwa hiyo mteja anarudi kila wiki. Hesabu vioo, uliza kama ni ndani na nje, uliza maji yanachotwa wapi, ndipo utaje bei. Wenye maduka wengi watakuambia gazeti lao linatosha. Usibishane. Futa kioo kimoja bure, cha katikati, uondoke. Mara nyingi utapigiwa simu kabla ya saa sita, kwa sababu vingine viwili vimeanza kumkera.

Bei ya Ettore huko Marekani si ya kutisha. Kinachouma ni usafiri. Mimi huwa namwagizia ndugu anayesafiri, kwa kuwa reli na mipira havijazi begi. Fimbo ndefu ya kuvuta msimwagizie, haiingii begini, na kwa kazi za chini mpini wa ufagio wenye ncha iliyochongwa vizuri unaingia. Alama yangu ni nne na nusu kwa tano. Ile nusu nimekata kwa ajili ya vibanio.