Jazz ya kudaunlodi tu au sidii? Nimenunua zote, haya ndo niliyoyaona

Wadau habari zenu. Kuna swali naulizwa sana na watu wanaojua nasikiliza jazz, kwamba hizi albamu zinazotoka kwa kudaunlodi tu, haina sidii haina santuri, kweli mtu unatoa hela yako unanunua faili? Mi nimekuwa nanunua zote mbili miaka mingi sasa, naishi Dar, kwahiyo naongea kama mtu ambae sidii haimfikii mlangoni kirahisi. Jibu langu ni kwamba faili inalipa, tena inalipa vizuri, ila kuna jambo moja wauzaji wengi wanalipuuza na mimi linaniuma kila siku, nalo ni majina ya waliopiga. Ntafika huko.

Kwanza tuelewane jazz ipi, maana hapa kwetu ukimtajia mzee jazz anakuanzishia Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, na yuko sahihi kabisa, ndivyo bendi zetu za dansi zilivyojiita. Mi hapa naongelea ile ya Wamarekani kina Coltrane, Monk, Randy Weston, na vijana wa sasa kama Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini.

Haya, tuanze na sauti kwasababu ndo kitu cha kwanza watu wanabishania. Sidii ina sauti ya biti 16, sampuli 44,100 kila sekunde, ni kama MB 10 kwa dakika moja. Sasa ukinunua faili ya FLAC, aina ya faili ya muziki isiyopoteza kitu, iliyotoka kwenye rekodi hiyohiyo, unapata kilekile kilichomo kwenye sidii, hakuna kilichokatwa, imebanwa tu ikawa karibu nusu ya ukubwa, ukiifungua inarudi vilevile. Albamu ya dakika 45 inakuja kwenye MB 250 au 300 hivi. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde albamu hiyohiyo ni MB 100 na kidogo, na hapo kuna vitu vimetupwa ili iwe ndogo. Kwenye simu na hizi spika za bluetooth husikii tofauti yoyote, sitaki kuwadanganya. Ila mi kilichonitoa kwenye MP3 sio usafi wa sauti, ni zile rekodi za jukwaani. MP3 kwa jinsi inavyotengenezwa inaongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila wimbo, na plea isiyojua kukiondoa inakupigia hivyohivyo, sasa umekaa unasikiliza mtu anamaliza solo, watu wanapiga makofi, mara kimya, chap, alafu makofi yanarudi tena na mpiga besi ashaanza. Inakera jamani. Yaani ule usiku mzima unakatwa vipandevipande kama mkate. FLAC haina hiyo shida. Kwahiyo kama duka linauza MP3 peke yake kwa bei ya sidii, mi sinunui, napita.

Zile za biti 24 zinazouzwa ghali zaidi? Nimejaribu kadhaa kwa hedifoni nzuri tu, bando likaisha, na masikio yangu hayakuona cha ziada. Nimeacha.

Bei sasa. Albamu ya kudaunlodi mara nyingi naikuta dola 8 mpaka 10. Sidii yake unaweza kuikuta dola 15, unasema sio mbali, subiri uone gharama ya kuituma huku, mara nyingi inapita bei ya sidii yenyewe. Alafu ukae uingoje. Nina kifurushi kimoja kilichukua miezi miwili na nusu, nikakifuata mwenyewe, nikalipa na hela nyingine pale dirishani, kufungua kasha limepasuka katikati na yale meno yanayoshika sidii yamekatika yote yanacheza humo ndani kama njugu. Bahati sidii ilikuwa haijachunika. Faili nimelipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu saa tatu usiku, saa tatu na robo nasikiliza.

Na kuna kitu hapa kwenye hela ambacho mi nakithamini sana. Ukinunua Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wasanii wanauza wenyewe, wao wanakata asilimia 15 kwenye mauzo ya faili, na msanii akishauza vya kutosha inashuka mpaka 10, na tangu Machi 2020 walipoanzisha zile Ijumaa zao chache maalum, Ijumaa hizo wanaachia hata hiyo sehemu yao kwa siku nzima. Kwahiyo dola zako kumi kubwa yake inamfikia aliyepuliza. Wanamuziki wa jazz hawauzi mamilioni, mtu anaweza kuwa bingwa kabisa na albamu yake ikanunuliwa na watu mia chache tu, sasa hapo kutengeneza sidii elfu moja zikajae chumbani kwake ni mzigo. Ndo maana wengi wanatoa faili peke yake, na mi siwezi kumlaumu hata mmoja.

Tena kuna vitu visingekuwepo kabisa bila kudaunlodi. Desemba 2006 Dave Douglas, mpiga tarumbeta, alipiga wiki nzima pale Jazz Standard, New York, kila seti, yaani kila kipindi cha kupiga jukwaani, ikarekodiwa na kuuzwa mtandaoni kupitia lebo yake mwenyewe ya Greenleaf Music. Nani angechapisha sidii za seti zote hizo za wiki moja? Lakini kwa anaependa kusikia wimbo uleule umepigwa Jumanne na umepigwa tena Ijumaa, na jinsi ulivyobadilika, hiyo ni mali. Au chukua Sun Ra, mpiga piano na kiongozi wa bendi wa Marekani, yule alikuwa anachapa santuri zake mwenyewe kwa lebo ya Saturn tangu miaka ya 50, nakala chache, kava nyingine zimechorwa kwa mkono, leo nakala halisi mtu wa kawaida haigusi kwa bei yake. Mwaka 2014, alipotimiza miaka 100 tangu azaliwe, albamu zake nyingi zikasafishwa na kuwekwa mtandaoni za kununua. Mimi wa Dar nikazipata siku moja na mtu wa Chicago. Hilo sio jambo dogo.

Sasa tuje kwenye kile kinachoniuma.

Jazz sio wimbo tu, jazz ni nani kapiga. Wimbo uleule akibadilika mpiga drams unakuwa kitu kingine. Mtu anaesikiliza jazz akisikia besi imemgusa anataka jina la huyo mtu, ili kesho amtafute kwenye albamu nyingine, na ndivyo unavyojifunza, jina linakupeleka kwa jina. Sidii ina kijitabu. Faili inakuja na nini? Jina la wimbo, jina la kiongozi wa bendi, picha ndogo ya kava ukubwa wa stempu. Basi.

Niwape mfano unaotuhusu sisi watu wa Kiswahili. Herbie Hancock, mpiga piano wa Marekani, alitoa albamu mwaka 1971 inaitwa Mwandishi, na hilo Mwandishi ndo jina alilochukua yeye mwenyewe, na bendi yake yote wakachukua majina ya Kiswahili: Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta, ambae ni daktari wa kusomea, akawa Mganga, Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Wamarekani weusi hao, mwaka 71, wanajitafutia majina kwenye lugha yetu. Faili niliyonunua mi ilikuwa na nyimbo tatu na neno Herbie Hancock, hakuna Jabali, hakuna Mganga. Mtoto wa Tanga akiinunua leo hivyo ilivyo hatajua kamwe kwamba kuna Mganga humo ndani.

Na hii nyingine ndo ilinifanya niandike haya. Randy Weston, mpiga piano, alirekodi albamu ya Uhuru Afrika huko New York, Novemba 1960, bendi kubwa, mipangilio ya Melba Liston, maneno ya mshairi Langston Hughes, ndani yumo Max Roach, yumo Freddie Hubbard, yumo Yusef Lateef, serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964. Niliinunua kama faili. Jumapili moja naisikiliza sebuleni, baba yuko kwenye kiti chake anasoma gazeti, mwanzoni kabisa kabla bendi haijaingia kuna sauti ya mtu anazungumza kwa Kiswahili. Baba akashusha gazeti. Akaniambia, "Hebu rudisha hapo." Nikarudisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu mtu wa kwetu huyu. Hicho sio Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Nani huyo?" Nikaangalia simu. Imeandikwa Uhuru Kwanza, Randy Weston, dakika na sekunde. Sikuwa na la kumjibu baba yangu.

Jibu nilikuja kulipata kwa rafiki yangu ambae ana sidii, tukafungua kijitabu pale kwake barazani, kidole kikashuka kwenye orodha, drams, besi, konga, mpaka tukafika: Tuntemeke Sanga. Mtanganyika. Novemba 1960, mwaka mzima na mwezi kabla hatujapata uhuru wetu, sauti ya kwanza kwenye santuri ya jazz inayoitwa Uhuru ni ya mtu kutoka huku, na faili yangu niliyoilipia haikuwa na jina lake. Niliporudi nikampa baba jina, akatikisa kichwa, akalirudia mara mbili polepole, Sanga, Sanga, mtu wa Makete huyo.

Kwahiyo mi msimamo wangu ukawa huu: kabla ya kununua faili naangalia kama inakuja na PDF ya kijitabu au angalau ukurasa wake umeandika wapigaji wote, siku na mahali iliporekodiwa. Wasanii wanaouza wenyewe wengi wanaandika vizuri sana, wakati mwingine kuliko sidii. Maduka makubwa ndo hovyo, hasa kwenye rekodi za zamani. Faili yenye majina nanunua bila kuwaza. Rekodi ya zamani isiyo na majina, kama kweli naipenda, najinyima natafuta sidii hata iliyotumika.

Kuhusu umiliki pia tusidanganyane. Sidii naweza kumwazima jirani, naweza kuiuza, naweza kumwachia mwanangu. Faili hauruhusiwi kuiuza tena, Marekani kuna kampuni ilijaribu biashara hiyo, ReDigi, mahakama ikawakatalia mwaka 2013 na ya rufaa ikathibitisha 2018. Na maduka yanakufa: kuna moja nilinunua kwao albamu kumi na kitu, wakatuma barua pepe kwamba wanafunga, na mimi siku zile nilikuwa sifungui barua pepe mara kwa mara, nilipoiona tarehe imepita. Zile ambazo nilikuwa sijazishusha ndo basi tena. Ukinunua leo shusha leo, weka kwenye hadi diski, na nakala nyingine kwenye diski tofauti nyumba nyingine.

Ila msidhani sidii ndo ya milele. Kwa unyevu wetu huu wa pwani vijitabu vinagandana kurasa, ukilazimisha zinachanika, na mi nina sidii mbili zimeota madoadoa hazisomi tena. Na laptopu za siku hizi hazina hata pa kuiingizia, nimebidi ninunue kile kisomeo cha nje cha USB, kila sidii inayoingia nyumbani naihamishia kwenye FLAC siku hiyohiyo kisha naifungia kabatini.

Faili yangu ya Uhuru Afrika bado ninayo. Nilikaa jioni moja na picha za kijitabu cha yule rafiki, nikaandika majina yote kwa mkono wangu kwenye ile sehemu ya maelezo ya kila wimbo, mmoja mmoja, na kwenye wimbo wa kwanza nikaanza na Tuntemeke Sanga. Sasa hivi ukiupiga nyumbani, jina lake linapita kwenye skrini ya redio, na baba analiona toka alipokaa.