Huduma ya chanjo ya Pfizer katika kituo kimoja cha afya jijini Mbeya: maelezo mazuri, ufuatiliaji hafifu

Dozi zangu mbili za chanjo ya UVIKO-19 nilizipata mwaka 2022 katika kituo cha afya cha umma hapa Mbeya, na naitathmini huduma hiyo sasa kwa sababu mpaka leo, ndani ya daladala za Mwanjelwa na hata baada ya ibada, watu bado huulizana iwapo chanjo za mRNA, yaani zile zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini ya kirusi, kama hiyo ya Pfizer niliyochanjwa, ni salama.

Tulisubiri muda mrefu, na baadhi ya watu walinung'unika. Muuguzi alieleza kwamba kichupa kimoja hutoa dozi sita na kwamba, kikishachanganywa na maji ya chumvi, lazima kitumike ndani ya saa sita, hivyo hakukifungua hadi tulipotimia sita. Kabla ya kufika kituoni chanjo hiyo huhifadhiwa kwenye majokofu ya nyuzi 60 hadi 90 chini ya sifuri. Baridi yetu ya Juni, pamoja na ukali wake wote, haifui dafu hapo.

Maelezo ndiyo yaliyonivutia zaidi. Bibi mmoja aliyetoka Uyole aliuliza kama sindano ingeharibu vinasaba vya watu wa ukoo wake. Muuguzi akamjibu kwa upole, "Hapana, bibi," kisha akafafanua kuwa mRNA hubeba maelekezo ya kutengeneza protini moja tu ya kirusi, kwamba kazi hiyo hufanyika nje ya kiini cha seli ambamo vinasaba vyetu hukaa, na kwamba mwili huivunjavunja baada ya muda mfupi. Hakuna kirusi kizima ndani yake.

Kijana mmoja alipouliza mbona chanjo ilipatikana upesi hivyo, aliambiwa tu kwamba wataalamu walifanya kazi usiku na mchana. Jibu hilo halikutosha. Watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, walikuwa wameonyesha tangu 2005 namna ya kubadili sehemu ndogo ya mRNA ili mwili usiipokee kwa ukali, na vitone vya mafuta vinavyoibeba vilikuwa tayari vimetumika katika dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Jaribio la Pfizer lenyewe lilihusisha watu zaidi ya 43,000. Muda uliookolewa ulitokana na kuendesha hatua kadhaa kwa pamoja na kuanza uzalishaji kabla ya matokeo, yaani fedha ndizo zilizohatarishwa, si usalama wa watu. Isitoshe, Mbeya imeshiriki majaribio ya chanjo za VVU kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), likiwemo lile liitwalo PrEPVacc ambalo utoaji wake wa chanjo ulisitishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kwamba hazingezuia maambukizi. Mfano huo wa nyumbani ungemwonyesha kijana yule kwamba chanjo isiyofaa hukataliwa.

Baada ya sindano tuliketishwa dakika 15 kuangaliwa kama kuna mwenye mzio mkali, jambo ambalo hutokea kwa nadra, na tukaelezwa maudhi madogo madogo: maumivu ya mkono, homa, uchovu. Mimi nilipata homa ya usiku mmoja tu.

Lawama yangu kubwa ni kwamba vijana wa kiume waliokuwa kwenye foleni hawakuelezwa lolote kuhusu uvimbe wa misuli ya moyo, ilhali hao ndio huupata zaidi, hasa siku chache baada ya dozi ya pili. Ni tatizo la nadra, na wengi hupona, lakini mtu asiyejua kwamba maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kukosa pumzi ni dalili zake anaweza kubaki nyumbani akinywa paracetamol. Wala hatukuambiwa kwamba madhara huripotiwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), au kupewa namba ya kupiga.

Kwa maelezo nawapa nne kati ya tano; kwa ufuatiliaji, mbili.