Office "ya maisha" ya duka moja Dodoma mjini

Processor na RAM za kompyuta za duka hili mtazisoma kwenye boksi. Mimi nina neno na Office (programu za Microsoft kama Word) niliyouziwa kama "ya maisha, kompyuta tatu", ambayo kumbe ni anwani ya barua pepe na nywila vilivyoandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi.

Ilikata msimu wa Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, stesheneri yangu imejaa hadi mlangoni. Mashine zote tatu kwa mpigo. Faili la mteja linafunguka na linaprintika, ila vitufe vya kuhariri vimefifia, huwezi kuongeza hata nukta. Dada wa watu anataka kubadilisha namba ya simu tu kwenye CV!

Muuzaji bila kunyanyua macho kwenye simu yake: "Bosi, Office zote huwa hivyo. Lete elfu kumi kila mashine niwashe upya."

Zote? Ukiwa na kikaratasi kama hicho, fungua Word, bonyeza File, kisha Account. Ikiandika "Subscription Product" hapo hakuna maisha, ni ya kulipiwa kila mwezi au mwaka. Tazama na anwani iliyopo. Yangu ilikuwa ya chuo cha nje, na chuo kikishaifuta, kila mashine iliyoingia kwayo inabaki ya kusoma tu. Kinachoniuma zaidi ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft: ukihifadhi bila kuchagua mahali, nyaraka huenda kwenye akaunti ya chuo hicho. Namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za wateja wangu ziko huko! Hata kabla ya kubadili leseni, nenda File, Options, Save, weka tiki "Save to Computer by default". Kisha Settings za Windows, Accounts, "Access work or school", Disconnect. Ukiruka hatua hii, akaunti ya zamani inaweza kuendelea kukusumbua hata ukishanunua halali.

Leseni halali nazo zina masharti. Home & Business 2021 unalipa mara moja, ila ni kompyuta moja. Home & Student 2021 hairuhusiwi kwa biashara. Microsoft 365 Business Standard inakubali kompyuta tano, lakini za mtumiaji mmoja. Vijana watatu wanaopokezana zamu ni watumiaji watatu. Nayo isipogusa intaneti ndani ya siku 30, inajifunga vilevile.

Nilikuwa nimeshaamua kuwapa sifuri. Ila fundi kijana wa pale alisafisha mashine zote bure akaweka LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Office na isiyo na kikomo cha kompyuta, na akanitahadharisha mwenyewe kwamba CV zenye majedwali huchezacheza. Huyo hata nyota nne anastahili.

Halafu nikadai pesa yangu. Muuzaji akanionyesha risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi: imeandikwa "huduma ya kompyuta", leseni haitajwi popote. Nyota moja, na ni ya fundi.