Maonyesho ya Ndege za Kijeshi: Tiketi Inastahili, Ila Kaa Karibu na Kipaza Sauti

Ndege ya kivita inayopita kwa kasi huonekana kwa sekunde chache tu, na asiyejua atazame nini hubaki na mngurumo masikioni na shingo inayouma. Nilikaa kutwa nzima katika maonyesho ya ndege za kijeshi, na nikiulizwa ni nini kilichoipa tiketi yangu thamani, nitamtaja kwanza mtangazaji, kisha ndege.

Kabla ndege ya kivita ya F-16 haijaruka, alitueleza kwamba kiti cha rubani wake kimelazwa nyuma kwa nyuzi 30, na kwamba usukani wake mdogo umewekwa upande wa mkono wa kulia, ili mwili uweze kustahimili kona kali ambazo humfanya mtu ahisi uzito wake umeongezeka hadi mara 9. Rubani mwenye kilo 80 hujihisi ana kilo 720. Damu hukimbilia miguuni, na vazi lake maalumu hujaa hewa na kumbana mapaja na tumbo ili ubongo usikose damu. Kwa hiyo ndege ilipojipinda mbele yetu, ukungu mweupe ukitanda juu ya mabawa kwa kuwa hewa yenye unyevu hupoa ghafla pale kanieneo yake inaposhuka, nilijikuta nimekaza misuli yangu mwenyewe kwa kumfikiria aliyekuwa ndani. Alitufundisha pia kutazama mbele ya mlio, kwani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na ndege iliyo umbali wa kilomita moja huwa imekwisha kusogea mbali kabla mngurumo wake haujatufikia.

Sikutarajia kuvutiwa na ndege ya mizigo. Hata hivyo C-130 Hercules, aina iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1954, ilishuka kwa pembe kali, ikagusa lami, ikasimama baada ya umbali mfupi wa kushangaza, kisha ikarudi kinyumenyume kwa nguvu zake yenyewe, mapanga ya propela zake yakiwa yamegeuzwa ili yasukume hewa mbele. Ndege hii imeundwa kutua hata kwenye viwanja vya udongo, na ukiiona ikifanya kazi hiyo unaelewa kwa nini majeshi mengi bado yanaitegemea.

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya zama za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilipoingia, mtangazaji alisema tu kwamba ya kwanza ya aina hiyo iliruka Machi 1936, akanyamaza. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana injini ya Merlin yenye silinda 12 inajieleza yenyewe, na umati mzima ulitulia kuisikiliza.

Baadhi ya waliokuwa karibu nami walilalamika kwamba ndege zilifanyia michezo yake mbali na hazikupita juu ya vichwa vyetu. Naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Tarehe 28 Agosti 1988, huko Ramstein, Ujerumani, ndege za kikosi cha maonyesho cha Italia ziligongana angani, moja ikaangukia watazamaji, na watu 70 wakapoteza maisha, wakiwemo marubani 3. Masharti ya umbali yaliyokazwa baada ya msiba huo hayapunguzi uzuri wa maonyesho hata kidogo.

Ndege zilizoegeshwa chini kwa ajili ya kutazamwa zilikuwa nyingi na safi, ingawa foleni ya kuingia katika chumba cha rubani ilikuwa ndefu mno.

Kasoro kubwa ilinipata mchana, nilipohamia mwisho wa njia ya kurukia ili nione moto wa injini ndege zinapopaa. Mwonekano ulikuwa bora kuliko jukwaani, lakini vipaza sauti havikufika huko, na kwa muda wa saa nzima nilitazama ndege ambazo hata majina yake sikuyajua. Waandaaji walioajiri mtangazaji hodari kiasi kile walipaswa kuhakikisha anasikika kila mahali walipouza nafasi. Jambo la pili linanisikitisha zaidi: sikuona mahali popote palipotolewa viziba masikio, na watoto wadogo walikuwa wakilia kwa maumivu kila ndege ya kivita ilipopaa. Kelele ya injini hizo inaweza kudhuru masikio kabisa, hivyo mzazi asiende bila kuwabebea wanawe vifaa vya kuyafunika. Vyoo vilikuwa vichache, na kutoka katika maegesho jioni kulihitaji uvumilivu.

Nitakwenda tena, na safari hiyo nitafika mapema ili nipate nafasi katikati ya uwanja, chini ya kipaza sauti.