Kitanda kilipanda, namba zikapanda: uzoefu wangu na katheta ya moyo

Nianze na hasira, shukrani zitafuata zikipata nafasi. Mzee wangu alilazwa ICU ya hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa, si zamani sana. Moyo umechoka, presha inashuka, daktari akasema watampitishia mpira shingoni hadi kwenye mshipa wa mapafu, wenye sensa ya kupima damu inavyokwenda. Ni ule wa Swan na Ganz, uliotokea Marekani mwaka 1970: nchani una puto dogo, likitiwa hewa damu yenyewe hulibeba hadi mahali pake. Tukalipa dipoziti, tukasaini. Sikuwa na neno.

Neno lilikuja asubuhi moja, nimeshuka feri ya Likoni nikaingia wodini moja kwa moja. Nesi wa zamu alikipandisha kitanda ili amsafishe mzee, na papo hapo presha ya upande wa kulia wa moyo ikaruka kwenye skrini kutoka 9 hadi 17. Mgonjwa hajakohoa, hajashtuka. Kile kidude cha kupimia, transdusa, kilibaki kwenye stendi ya dripu palepale kilipofungwa, sasa kiko usawa wa godoro.

"Samahani kaka, mbona namba imepanda na kitanda?"

Hata hakugeuka. "Mama, wewe ni daktari? Mashine haidanganyi. Ngoja nje."

Haidanganyi! Transdusa hukaa usawa wa moyo, ubavuni chini ya kwapa. Ikiwa chini ya hapo kwa sentimita 10 tu, uzito wa maji ya kwenye mrija huongeza namba kwa takriban 7. Mimi nilielezwa baadaye. Yeye analipwa kulijua hilo. Ile 17 ikaandikwa kwenye faili, ikasomwa kuwa mzee amejaa maji, dripu ikapunguzwa, akadungwa sindano ya kukojoza. Mfuko wa mkojo ukafura, midomo ikambabuka, presha ikazidi kuporomoka. Baba wa watu anakaushwa kama ng'onda kwa sababu ya kitanda!

Ningeishia hapo ningewaambia mkimbie. Lakini jioni aliingia sista mmoja wa makamo, akamtazama mzee usoni kabla ya skrini. Akaweka kiganja ubavuni, akapandisha kidude hadi usawa wa kiganja, akafungua koki ipate hewa, akarudisha hesabu kwenye sifuri, akafunga. 8. Akamwita daktari. Wakasukuma maji baridi ndani ya mpira. Sensa ya joto karibu na ncha husoma damu inavyopoa, na hapo hupatikana moyo unasukuma lita ngapi kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 4 na 8. Mzee hakufika 3. Maji yakarudishwa pole pole, pamoja na dawa ya kuupa moyo nguvu, na kabla ya wiki kwisha alikuwa anadai chai ya tangawizi.

Kwa hiyo mpira wenyewe siutukani. Leo nikiulizwa nitasaini tena, mradi zamu ni ya yule sista. Hata hospitali nilikuwa tayari kuipa nyota mbili, tatu.

Kisha bili ikatoka. Sindano ya kukojoza imo, na bei yake. Nikamuuliza karani hii nayo twailipia kwa lipi.

"Mama, iliyotumika imetumika."

Nyota zote nimezifuta.