GATE 10 kwa kukagua usahihi wa vipimo vya PET

GATE ni programu ya kuiga kwenye kompyuta skana za PET, zile zinazopiga picha ya dawa ya mionzi iliyo mwilini. Sifa yake kubwa ni kwamba jibu sahihi unalo mkononi kabla hujapima. Kwa mgonjwa halisi hakuna ajuaye uvimbe umebeba dawa ya mionzi kiasi gani. Ndani ya GATE umeiweka mwenyewe.

Injini yake ni Geant4, programu ya kuiga jinsi chembe na mionzi inavyopita kwenye vitu. Toleo la 10 linaandikiwa kwa Python na kusakinishwa kwa pip (kisakinishi cha Python), lakini halisomi faili za makro, yaani za amri, za matoleo ya zamani, kwa hiyo mwenye rundo la kazi za toleo la 9 ajiandae kuandika upya.

Anza na fantomu ya NEMA (chombo sanifu cha majaribio kinachojazwa maji) yenye matufe sita ya kipenyo cha mm 10, 13, 17, 22, 28 na 37, mkolezo wa dawa kwenye tufe ukiwa mara nne ya ule wa maji yanayolizunguka. Gawanya mkolezo uliosomwa kwenye picha kwa ule uliouweka. Matufe madogo yatasoma chini, kwa kuwa ukungu wa skana humwaga nje sehemu ya mionzi yao. Tufe halisi lina pia ukuta wa plastiki usio na dawa, nao hushusha kipimo. Kwenye GATE unaufuta ukuta, unaendesha tena, na tofauti ndiyo mchango wake. Maabara haikupi hilo kirahisi.

Mitego ipo. Chanzo cha jozi za gama za keV 511 huokoa muda, ila huruka mwendo wa positroni, chembe inayotoka kwenye dawa na kusafiri kidogo kabla ya kuzaa gama hizo: kwa dawa yenye F-18 si hoja sana, kwa yenye Ga-68 ni kujidanganya. Usipotia ukungu wa nishati kwenye vigunduzi, fotoni zilizotawanyika huchujwa kirahisi mno na masahihisho yako ya mtawanyiko yataonekana bora kuliko yalivyo. Ukigawa kazi kwenye kompyuta nyingi, kila moja ipe mbegu yake ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu). Zikifanana, unajumlisha nakala za jaribio lilelile.

Picha yenyewe GATE haitengenezi. Data utaipeleka kwenye programu za kuunda picha, CASToR au STIR. Na GATE ni nzito kwa kompyuta: kupunguza kelele kwa nusu kunadai matukio mara nne.

Usiamini matokeo yoyote kabla ya kulinganisha unyeti wa skana yako ya kuigwa na ule uliopimwa kwenye mashine. Ukitaka tu kujua ukungu unavyopunguza vipimo vya uvimbe mdogo, GATE ni nyingi mno: chukua picha ya kidijitali, itie ukungu na kelele, inatosha.